Kura za maoni mtaani kwetu: watu hawakuja, na sababu yake mpaka leo inanichekesha

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu nawasalimu kwa upepo wa Dodoma, maana huku kwetu msimu huu ukifungua mlango vumbi linaingia kabla ya mgeni.

Nimesoma nyuzi nyingi humu kuhusu kura za maoni na kwa nini wanachama hawajitokezi. Mmoja anasema watu wamechoka, mwingine anasema wamesusa, mwingine kaweka analysis ndefu mpaka nikasinzia nimeshika simu.

Mimi sina analysis. Nina kisa.

Nilikuwepo, nilikuwa wakala, na mengine niliyasababisha mwenyewe kwa mdomo wangu. Chumvi siongezi, kisa chenyewe kimekolea.

Chama sitaji, mtaa sitaji. Ni huku upande wa Msalato, njia ya kwenda Makutupora. Wanaojua watajua, na wakijua wanyamaze.

Kwanza niwaeleze uwanja, maana bila uwanja hamtaelewa hasira zangu.

Mtaani kwetu kuna uwanja wa wazi. Hauna nyasi, una udongo mwekundu na magoli ya miti. Watoto wanacheza mpira pale, sala ya Idi tunaswalia pale, mtu akifiwa turubai linafungwa pale. Na mimi kila alasiri meza yangu ya karanga, ubuyu na zabibu iko ukingoni pale. Nilianza kuuza nikiwa na mimba ya binti yangu, na sasa binti yuko sekondari. Ada yake imetoka kwenye ile meza.

Sasa tangu tuambiwe ndege zinahamia Msalato, ardhi ya huku imekuwa lulu. Mtu aliyekuwa anafuga mbuzi leo anaitwa mwekezaji.

Kuna bwana mmoja, dalali wa viwanja, sisi tunamwita Bwana Mchoro kwa sababu hatembei bila ramani imekunjwa kwapani. Ana adabu, ananukia vizuri, sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Lakini alikuwa anakuja pale uwanjani, anasimama katikati, anaupima kwa hatua, halafu ananiambia, "Dada, eneo hili limekaa bure."

Limekaa bure! Na mimi pale nimekaa kama nini?

Basi mwaka huo bwana huyo akachukua fomu ya uenyekiti wa mtaa kupitia chama chetu. Na huku kwetu, ukipita kwenye kura za maoni, kazi kubwa umeshaimaliza. Kila mtu alijua akipita, uwanja unakatwa viwanja. Hakuficha sana. Alikuwa anasema "tutapaendeleza."

Wazee wakashtuka. Baadhi wakamfuata Mjomba Bakari wakamwomba agombee.

Mjomba Bakari ni mdogo wake mama yangu. Kwao Kondoa, kama sisi, anauza vitunguu na mahindi sokoni. Baba yangu alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Mjomba ni mpole mpaka anaudhi. Akikanyagwa mguu, anaomba radhi yeye.

Wazee wengine, bila kushauriana na wenzao, wakamfuata Mzee Issa. Huyu ni mtu wa mjini haswa. Babu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara zamani hizo, wakapapenda, wakabaki. Ana duka la vitambaa. Na kijana wake ndiye aliyemwoa Zuhura, binti wa Mjomba Bakari.

Yaani hao wawili ni wakwe. Na ni wakwe wanaopendana kwelikweli, maana Zuhura alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, na kila mmoja anataka kumbeba mjukuu.

Kila mmoja akarudisha fomu. Wakaja kugundua wamegongana wakati wameshachelewa.

Sasa wakuu, wazee wetu huku wana ugonjwa mmoja unaitwa uungwana.

Mtu mzima hajisifu. Ukimwambia ajieleze, atakueleza mwenzake. Hapo ongeza kwamba mwenzake ni mkwe wake. Mtu unawezaje kwenda nyumba kwa nyumba kusema wewe ni bora kuliko baba mkwe wa mwanao?

Mjomba alikuwa anaingia kwenye nyumba za watu, anasalimia, anauliza hali za wagonjwa, anakunywa chai, halafu akiulizwa kuhusu kura anasema, "Mimi nipo, lakini hata mkwe wangu anafaa sana. Yule ana msimamo."

Mzee Issa naye anaingia nyumba ileile kesho yake, anakunywa chai ileile, anasema, "Bakari ana subira. Mtaa unahitaji mtu wa subira."

Mimi haya nilikuwa siyajui. Kazi yangu ilikuwa kumsubiri Mjomba jioni nimuulize, "Vipi, wamekubali?" Ananijibu, "Wamenipokea vizuri sana, mwanangu."

Wamempokea vizuri. Sawa.

Siku ya kura ikafika. Kituo kilikuwa ofisi ya tawi, palepale pembeni ya uwanja. Mimi nimevaa gauni la Idi, kitambulisho cha wakala wa Mjomba shingoni, najiona mtu.

Milango ilipofunguliwa tu, wakaja watu wa Bwana Mchoro. Bajaji, pikipiki, mguu, wakapanga mstari safi kabisa. Wale wenye viwanja vipya kule juu, vijana wanaozunguka naye kwenye kazi, wake zao, mashemeji zao. Kila mmoja na kadi mkononi. Nasema ukweli hata kama unaniuma: walikuja kama watu wenye shida ya kuja.

Wakapiga, wakaondoka.

Halafu kukawa kimya.

Kimya kweli, wakuu. Mbuzi walipita mlangoni wengi kuliko watu. Msimamizi aliyetumwa kutoka juu akaangalia saa, akasema, "Watu wamechoka na siasa hawa." Kijana mmoja kwenye group la mtaa akaandika vijana wamesusa, mwingine akamjibu ni hujuma, wakaanza kutukanana humo ndani wakati kituo kiko mita chache kutoka kwao na hawajaja kupiga.

Nikajaribu kujituliza. Wengine najua walikuwa Makutupora kwenye vibarua vya zabibu, na zabibu ikiiva haisubiri mtu. Lakini si mtaa mzima uko kwenye zabibu!

Nikamwachia mwenzangu kiti, nikatoka.

Nyumba ya kwanza nilimkuta Mama Rehema, jirani yetu, amekaa anapepeta alizeti. Ametulia kama Ijumaa baada ya sala.

"Mama Rehema, mbona hujaja kupiga kura?"

Akanishangaa. "Kwani si wameshamalizana?"

"Nani na nani?"

"Mjomba wako na mkwe wake. Mjomba wako kapita hapa akatuambia Mzee Issa anafaa. Mzee Issa naye kapita akatuambia Bakari anafaa. Sasa mwanangu, wenyewe wameshakubaliana, sisi tukagombanishe ndugu kwa nini? Yeyote atakayepita ni wetu."

"Na Bwana Mchoro je?"

Akacheka. "Yule? Nani atampa kura yule?"

Kha! Nikaenda nyumba ya pili, maneno yaleyale. Ya tatu, yaleyale. Mmoja akaongeza kwamba angeona aibu kukutana na Mjomba sokoni akiwa amempa kura Mzee Issa, na angeona aibu kukutana na Mzee Issa dukani akiwa amempa Mjomba. Kwa hiyo akaona bora abaki nyumbani afue.

Nisidanganye, wapo walioniambia wamechoka. Dada mmoja muuza chipsi alisema kadi yake anaitumia kupepelea moto jikoni, viongozi wakishapita hawakumbuki njia ya kurudi. Lakini wa namna hiyo walikuwa wachache. Wengi hawakuja kwa sababu walikuwa na amani moyoni!

Nikarudi uwanjani natembea kama ninayekimbiza mwizi.

Na nikawakuta wapi wagombea wangu? Kwenye benchi la muuza kahawa. Wote wawili, bega kwa bega, kofia zimekaa vizuri, wanatafuna kashata na kucheka. Mjomba alikuwa anaeleza jinsi mjukuu alivyopiga chafya.

Wakuu, mimi na heshima zangu zote, nilifoka.

"Shikamooni wazee! Mmekaa hapa mnakunywa kahawa, mtaa unauzwa! Watu hawaji! Nyumba zote nimepita, wanasema nyie mmeshamalizana. Mjomba, wewe umekwenda kumpigia kampeni Mzee Issa?"

Mjomba akashika kikombe. "Nilimsema kwa wema tu."

Mzee Issa akageuka polepole. "Ulinisema wapi?"

"Kila nilipopita, mkwe."

"Na mimi nilikusema wewe kila nilipopita!"

"Nani alikutuma unisemee?"

"Na wewe nani alikutuma?"

Hapo nikaona sura ya Mzee Issa imebadilika. Akasema, "Kumbe ndiyo maana watu walikuwa wananitazama kwa huruma. Nilikwenda kwa watu kuwaomba kura wakati maneno yako yameshawafanya wadhani mimi nimekuomba uniachie!"

"Mimi sikusema hivyo."

"Umenifanya nionekane sina kazi, mkwe. Umenidharau."

Akaweka kikombe chini kwa kishindo, kahawa ikaruka, akasimama akaondoka. Mjomba, ambaye katika maisha yangu sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akapaza sauti nyuma yake, "Nenda basi! Hata wewe ulinisifia subira, kwani mimi punda?"

Jamani! Bombani kulikuwa na akina mama wanateka maji. Ndoo zikabaki zinafurika. Habari ikatoka pale haraka kuliko pikipiki: wakwe wanagombana uwanjani!

Na hapa asiye mtu wa kwetu anielewe. Wakwe kugombana kwetu si jambo dogo. Leo wazee wananuniana, kesho Zuhura anaambiwa arudi kwao na mtoto mchanga. Kwa hiyo ikisikika hivyo kila mtu anaacha anachofanya anakwenda kusuluhisha, kabla maneno hayajafika ndani ya nyumba ya vijana. Hasubiri kualikwa.

Watu ambao hawakutoka kupiga kura, sasa wakaanza kutoka. Wanaume wanavaa kofia wakitembea, wanawake wanajifunga ushungi njiani. Wote wanaelekea kwetu, maana mama yangu ndiye dada mkubwa wa Mjomba na shauri kama hilo linakaa uani kwake.

Mama yangu ni mtu mfupi, anaongea taratibu, na mimi mdomo nimeurithi kwake ila yeye anautunza. Nikamweleza yote mbiombio. Akanisikiliza, akafunga kanga yake vizuri, akaniambia, "Simama getini. Kila anayekuja kusuluhisha, mwambie arudi achukue kadi yake ya chama kwanza."

"Kadi ya nini, Mama?"

"Fanya ninachokuambia."

Nikasimama getini kama mlinzi wa benki. "Karibuni, karibuni, lakini shauri hili ni la wenye kadi." Watu wakanuna, wakarudi, wakachukua kadi. Mama Rehema alirudi na maganda ya alizeti bado yako kwenye nywele.

Ua ukajaa. Mzee Issa kaletwa ameshikwa mkono. Mjomba kakalishwa mkekani, uso umemshuka. Kusema ukweli nilimwonea huruma, nikajuta kufoka.

Wazee wakaanza kuwapatanisha. Haikuchukua muda, maana kila mmoja alikuwa tayari anataka kuomba radhi kabla ya mwenzake. Wakashikana mikono, Zuhura akaletwa na mtoto, watu wakapiga vigelegele.

Mama akasema, "Haya. Mmepatana. Sasa nyie wawili mkigawana watu hawa, yule bwana anapita. Mmoja amwachie mwenzake hapahapa."

Mjomba akasema, "Namwachia mkwe."

Mzee Issa akasema, "Hapana, mimi ndiye namwachia Bakari."

"Haiwezekani, wewe mkubwa."

"Wewe ndiye mwenye watu."

"Chukua wewe, mkwe."

"Wallahi sichukui."

Mama akapiga makofi mara moja. Ua wote ukanyamaza.

"Ugonjwa ndio huu huu! Ndio uliotufikisha hapa! Basi nawauliza swali moja. Yule bwana akija na ramani yake kuchukua uwanja, nani kati yenu atamfukuza bila kumkaribisha chai kwanza?"

Watu wakajizuia kucheka. Mjomba akafikiri. Nawaambia alifikiri kwa dhati kabisa, mkono kwenye ndevu. Halafu akasema, "Dada, mimi chai nitamkaribisha."

Mzee Issa akasema, "Mimi nitamfukuza kwanza. Chai baadaye, akirudi kwa heshima."

"Basi mgombea ni Issa," Mama akasema. "Nendeni mkapige kura."

Wakatoka uani kwetu msafara mmoja mpaka kituoni. Msimamizi alikuwa ameshaanza kusinzia. Kuwaona tu akaamka, akanong'ona, "Kuna msiba?"

Nikarudi kwenye kiti changu, wakala wa mgombea aliyejitoa kwa mdomo wakati jina lake bado liko kwenye karatasi. Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa nimeshamwona Mjomba kichwani mwangu akiwa mwenyekiti, anaheshimiwa, mtu aliyelea watoto wa dada yake na wake mwenyewe bila kulalamika. Mimi kura yangu nilimpa nani? Kura ni siri, msiniulize.

Matokeo yalipohesabiwa nilikaa na roho mkononi. Mzee Issa alipita, lakini kwa pumzi tu. Bwana Mchoro alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, mpaka msimamizi akarudia kuhesabu. Na pamoja na msafara wetu wote, mtaa bado haukufika hata nusu.

Mjomba alipata kura chache sana. Akacheka. "Hawa walionipa hawakuja kwenye usuluhishi," akasema.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amejipigia. Akanijibu, "Mtu anajipigiaje mwenyewe? Nimempa mkwe." Mzee Issa alikuwa anatusikia. Akasema, "Mimi nimejipigia. Mmoja wetu alitakiwa awe na akili."

Tukacheka mpaka machozi, wakuu. Jioni ile Mama alipika pilau, na mjukuu alipita mikono yote ya uani.

Baadaye uchaguzi wenyewe ulipofika Mzee Issa akashinda, na uwanja upo mpaka ninapoandika hapa. Meza yangu ipo. Watoto wanapiga mpira unaangukia kwenye ubuyu wangu, nawafokea, wanaomba msamaha, wanapiga tena.

Lakini kilichonifanya nilete uzi huu si hicho.

Kuna alasiri Bwana Mchoro alikuja mezani kwangu. Hakuwa na ramani. Akanisalimia vizuri kama kawaida yake, akanunua karanga, akasimama anatafuna na kuangalia uwanja.

Akasema, "Dada, mimi watu wangu wote walikuja. Hakubaki hata mmoja nyumbani. Sijui nilikosea wapi."

Nikamwambia, "Hukukosea popote. Wako walikuja wote. Wetu hata nusu hawakuja, na bado ulibakiza kidogo tu utushinde."

Akaacha kutafuna. Nikaona anapiga hesabu kichwani, na mimi nikatamani niurudishe ule mdomo wangu ulikotoka.

Akatabasamu, akajipangusa mikono. "Basi dada, mkianza tena kusifiana, mimi nitakuwa nasikiliza."

Akanunua na ubuyu, akaaga kwa adabu, akaondoka. Nilibaki nimeshika chenji yake.

Ndiyo maana wakuu, nikisoma humu kwamba watu wasipojitokeza maana yake wamekasirika, nasema labda huko kwenu. Sisi tulikuwa tumeridhika. Tulikuwa na wagombea wawili wazuri, tunawapenda wote, tukakaa nyumbani kwa raha zetu, na kidogo tu raha hiyo itupokonye mahali pa kuswalia Idi. Asiyekuwepo na lake halipo, hata kama hakuwepo kwa wema.

Siku hizi Mjomba Bakari ameanza mazoezi. Juzi alikuja mezani kwangu, akakohoa, akasema mbele za watu, "Mimi Bakari nafaa." Halafu akaona aibu, akaongeza, "Pamoja na mkwe wangu."

Tunaendelea naye taratibu.

Na kwenu je? Wale ambao hawakutoka siku ya kura za maoni mtaani kwenu, mmewahi kuwafuata nyumbani mkawauliza? Niambieni walijibu nini. Wa Msalato mkinitambua, karanga zipo, njooni uwanjani, ila jina langu msiliweke hapa.